Maji ya Dereva

Nyinyi wenzangu wa kwaya mmeniuliza mara nyingi lori liko wapi, na kila mara nimewajibu tu "liko Kiritiri," nikageuza maneno. Najua mmeanza kusema nina maringo. Si maringo. Habari yenyewe ni ndefu, haifai kusimuliwa mlangoni pa kanisa watu wakiwa na njaa. Basi nimekaa chini nikaandika. Anayetaka kusoma asome, na anayetaka kuja kunitania kuhusu gari la stima aje pia, chai ipo.

Lori lilikuwa la baba, hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba baba, ingawa alikuwa mtu wa Mikinduri, alioa Kiritiri kule Mbeere na akajenga huko huko. Maisha yake yote yalikuwa kupanda na kushuka: anashuka na ndizi na viazi, anapanda na ndengu na mbuzi. Kwenye paji la lori aliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe, herufi zikipanda kama zinaenda mlimani: NITARUDI. Alipofariki, lori lilikuja kwangu huku Meru nilikoolewa, kwa maana kati ya watoto wake wawili ni mimi niliyejua kuliendesha. Yule mwingine ni Nyaga, ndugu yangu mdogo, mtu wa ofisi, anakaa Ruiru. Siku hizi ana gari la mizigo la stima, la kuchajiwa, jeupe, safi, linalotembea bila kusema neno.

Nyaga ndiye aliyeleta mpango wa safari. Alinipigia simu akasema mama masikio yamekwisha. Kila akienda kumwona anafika, anasimama uani, na mama hana habari. Mara ya mwisho alimkuta jikoni akiongea peke yake, akamgusa bega, mama akaruka na kibuyu cha maziwa kikaanguka kikapasuka.

"Mama Kendi," akaniambia, kwa jina la binti yangu, "mama hasikii tena. Siku moja ataingiliwa na mwizi na hatajua."

Kwa hivyo tumhamishe akakae naye Ruiru. Lori litabeba kitanda, kabati na mbuzi wake, na likimaliza hiyo kazi tuliuze chuma chakavu, maana nani bado anataka takataka ile. Neno takataka ni lake. Mama mwenyewe alikuwa hajaambiwa chochote. Tungemwambia tukifika.

Nilikubali, lakini moyo ulikuwa mzito. Niliona kama ni lazima vitu vya mama vitolewe kwenye ile nyumba, basi visibebwe na lori la mtu baki.

Kutoka Mikinduri

Asubuhi hiyo lori lilikuwa Mikinduri, nimeliegesha kwenye mteremko nyuma ya soko kama kila ninapopeleka mzigo huko. Mnajua betri yake ilivyo mbovu. Haliwashwi, linabembelezwa: unaliachia breki, linateremka pole pole, unatia gia ya pili, linakohoa, linatoa moshi mweusi, na soko lote linajua Kagendo anaondoka. Wale wanawake wa ndizi walinipigia kelele niende salama. Sikuwaambia ni safari ya mwisho. Nilijua nikisema nitalia, na mtu hawezi kuendesha lori lile akilia, usukani wake unataka mikono miwili na mabega yote.

Nitawaambia kwa nini nalipenda, kisha nisiulizwe tena. Lile lori likiumwa linasema. Beringi ya gurudumu ikichoka inaimba, breki zikiisha zinalia, mafuta yakipungua unajua kwa namna linavyovuta mlima. Tangi likitoboka unapaka sabuni ya kipande na unaendelea na safari. Gari la Nyaga likiumwa linaonyesha taa nyekundu na maandishi, na baada ya hapo ni kupiga simu Nairobi na kusubiri. Sisemi ni baya. Halina moshi, halimalizi pesa kwenye mafuta, na kiti chake hakiumizi mgongo. Nasema tu kwamba mimi nimelelewa na kitu kinachoongea.

Nyaga tulikubaliana apande kutoka Ruiru tuongozane, anisubiri Nchiru ninapokaa, nje ya nyumba zangu za kupangisha wanafunzi. Nilimkuta amezungukwa na wapangaji wangu wanapiga picha na gari lake, mwingine amelala chini anatafuta bomba la moshi. Nilipofika na moshi wangu wakajitenga. Kijana mmoja, tena ana deni langu la kodi ya miezi, akaniuliza kwa heshima kabisa kama hii ndiyo inapelekwa makumbusho. Nyaga alicheka mpaka akashika mlango. Nilimwambia yule kijana kwamba makumbusho hayo yatarudi kuangalia kama kodi imelipwa, akaingia ndani.

Meru hadi Chuka

Tukapita Meru, tukapita Nkubu, Nyaga mbele mimi nyuma. Baada ya Nkubu sikumwona tena. Barabara ile, mliopita mnajua, ni kuanguka bondeni na kupanda, kuanguka tena na kupanda. Baba alinifundisha kushuka Nithi kwa gia ile ile ambayo ungepanda nayo, mguu ukae mbali na breki. Nilishuka hivyo, lori likinguruma chini chini, mabasi yakinipita kwa hasira. Nilimsikia baba kabisa akiniambia, "Usishindane na mtu anayekimbilia kaburi." Nikaongea naye kidogo kwa sauti. Lori lina kelele, hakuna anayeweza kusikia unaongea na marehemu.

Chuka nilimkuta Nyaga amekasirika. Alikuwa ameomba mwenye hoteli moja amruhusu achaji gari kwenye soketi ya jikoni, wakakubaliana vizuri, waya ukapitishwa dirishani. Kisha stima ikapotea mji mzima. Alikuwa amesimama anautazama ule waya, na wapishi wanamtazama yeye.

Niliagiza githeri ya mahindi na maharagwe, yenye parachichi, na chai. Sasa hapo barabarani kuna desturi, hata baba aliifuata: dereva wa lori hupewa sahani iliyojaa kuliko ya abiria, na kipande cha nyama juu bila kuulizwa, ili kesho asimame hapo tena. Mama wa hoteli aliona lori nje, akatengeneza sahani ya dereva vizuri, akapita nayo mbele yangu, akampelekea mwanamume aliyekaa kona akisoma gazeti. Yule bwana hata hakushangaa. Akaweka gazeti kando akala. Mimi nikaletewa kisahani cha abiria.

Nilipomwambia yule mama kwamba dereva ni mimi, alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. Kisha akatoka nje akaangalia ndani ya lori kama kuna mtu mwingine amejificha. Aliporudi alikuwa na sahani mpya, nyama vipande viwili, na akaketi nami meza moja mpaka nikamaliza. Aliniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia ni baba. Akasema wake alimfundisha kukamua ng'ombe tu, akacheka, lakini naona kilimuuma.

Stima haikurudi. Nilimwacha Nyaga na waya wake nikatangulia.

Mlima wa Thuci

Mlima baada ya daraja la Thuci ndio ulionishinda. Nilikuwa katikati, jua kali, nikaona mvuke unatoka puani mwa lori. Nikatafuta mahali pa kuegesha, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikafungua boneti, nikakaa kwenye nyasi. Rejeta, lile tangi la maji ya injini, ikichemka hakuna kingine cha kufanya, unakaa. Ukiifungua kwa haraka inakuchoma uso.

Mzee mmoja alitoka kwenye mahindi yake na mtungi wa maji. Sikuwa nimemwomba. Alikuja moja kwa moja akauweka chini, akasimama mbele ya lori, akasoma lile paji kwa kidole.

"Mwenye hii lori alirudi?" akaniuliza.

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba kwa miaka mingi dereva wa hili lori alikuwa akimpigia honi akipita, naye anainua jembe. Hawakuwahi kuongea, hata jina hakulijua. Halafu honi ikakoma. Alifikiri labda jamaa amebadilisha barabara, akawa anamlaumu kidogo moyoni kwamba hakuaga.

Nilimwambia ni baba yangu na kwamba tulimzika. Mzee alivua kofia. Akaweka mkono kwenye boneti, ikiwa bado moto, akautoa haraka. Akasema basi sasa ameelewa. Tulijaza maji pamoja na hakutaka shukrani. Nilipoondoka nilipiga honi ya baba, mbili fupi na moja ndefu, na kwenye kioo nikamwona ameinua jembe. Hapo nililia, usukani au si usukani.

Sijui watu wa magari ya stima watajulikanaje na wazee wa barabarani. Pengine watatafuta njia yao.

Embu hadi Kiritiri

Nyaga alinifikia nikiwa Embu mjini. Sikumsikia, nilishtuka tu ameegesha kando yangu anatabasamu. Stima ilikuwa imerudi Chuka ikampa nusu tu, kwa hivyo alitaka kuchaji tena vizuri na pia kununua godoro jipya la mama la kule Ruiru. Akaniambia nitangulie nianze kumwandaa mama kwa maneno.

"Mwambie pole pole," akasema. "Wewe anakusikiliza."

Alichosahau ni kwamba kwa hesabu yake mama hasikii. Sikumkumbusha.

Kutoka Embu kushuka Mbeere hewa inabadilika. Baridi ya mlima inabaki nyuma, udongo unakuwa mwekundu kisha wa kijivu, magunia ya makaa yanajipanga kando ya barabara na mbuzi wanavuka wakitaka. Ile ndiyo njia niliyomsubiria baba utoto wangu wote. Nyumba yetu iko juu kidogo ya barabara, na kabla hujaifikia kuna kona ya kanisa yenye mlima mkali. Baba akifika pale alikuwa anashuka gia, anakanyaga klachi mara mbili, lori linatoa sauti kama mtu anayesafisha koo, kisha honi. Sisi tukiwa uani tulikuwa tunakimbia barabarani, na mama anakimbilia jikoni.

Alikuwa anakimbilia maji. Nyumbani kwetu dereva hakusalimiwa kabla hajanawa. Mama alikuwa anaweka beseni la maji moto juu ya jiwe la mlangoni, kipande cha sabuni kando, na baba ananawa mikono na miguu, vumbi na dizeli vinatoka. Mpaka amalize hakuna aliyeruhusiwa kumwambia habari. Mtoto awe amefukuzwa shule, mbuzi awe ameliwa na fisi, jirani awe amekufa, habari inasubiri. Mama alisema mtu akitoka barabarani amebeba ya kutosha, lazima atue kwanza.

Siku hii nilipofika kona ya kanisa sikupiga honi. Nilikuwa nakuja kumtoa mama nyumbani kwake na niliona haya. Nilishuka gia kimya kimya kadiri ya uwezo, klachi ikanikataa mara ya kwanza, meno ya gia yakasaga kidogo, nikapanda.

Uani kwa mama

Niliegesha kwenye mteremko, nikazima, nikashuka. Uani hapakuwa na mtu. Kuku tu. Juu ya jiwe la mlangoni kulikuwa na beseni, mvuke unapanda, na kipande cha sabuni kando.

Nilifikiri, Nyaga alikuwa na haki, akili ya mama imeondoka, amesikia lori na anamngoja baba. Nilifikiria jinsi nitakavyomwambia mama yangu kwa mara ya pili kwamba mume wake amekufa.

Akatoka na taulo begani. Amekonda, lakini amenyooka.

"Mama," nikasema, "baba hayupo. Ni mimi Kagendo."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mjinga.

"Kwani nani amesema ni baba yako? Baba yako nilimzika, nilirusha mchanga kwa mkono wangu. Yeye hakuwahi kusagisha meno pale kanisani. Nilijua ni wewe kwa ile klachi." Akanyoosha kidole kwenye beseni. "Hayo ni maji ya dereva. Nawa."

Nikavua viatu. Nilinawa mikono, nikanawa uso, nikatia miguu, na maji yakawa meusi kama yalivyokuwa meusi ya baba. Mama alisimama juu yangu na taulo, hakuniuliza neno. Hakuniuliza kwa nini nimekuja bila simu, wala kwa nini nimekuja na lori tupu. Nilikawia makusudi. Nilitamani yale maji yasipoe.

Nilipomaliza alinipa taulo, akaketi kwenye kigoda.

"Sasa niambie lile mlilokuja kuniambia."

Niliinama nikafuta tena miguu iliyokwisha kukauka. Na wakati huo huo, nawaambia ukweli mtupu, nikiwa bado nimeinama na mama ameelekea kwangu, mkono ukatua begani kwake kutoka nyuma. Mama akaruka, kigoda kikaenda upande, nami nikapiga ukelele. Alikuwa Nyaga. Gari lake jeupe lilikuwa limeegeshwa nyuma ya lori, na kati yetu wawili hakuna aliyelisikia likiingia.

"Wewe mtoto!" mama akasema, ameshika kifua. "Kwa nini kila siku unaniingilia kama mwizi? Kibuyu changu ulipasua hivi hivi. Gari gani hiyo haina hata adabu ya kubisha hodi?"

Nyaga alinitazama mimi. Nilimtazama yeye. Aliangalia gari lake, akaangalia lori, akaangalia lile beseni. Niliona jambo likimwingia, kidogo kidogo, mpaka likafika.

"Mama," akauliza kwa sauti ndogo sana, karibu ya kunong'ona, "lori ulilisikia likiwa wapi?"

"Lilipotoka sokoni hapa Kiritiri," mama akajibu. "Na usininong'oneze, mimi si mgonjwa."

Nyaga aliketi chini kwenye udongo na suruali yake ya ofisi. Habari ya Ruiru haikusemwa. Godoro jipya lililala kwenye kitanda cha mama, pale pale, na mama akalisifu sana.

Kurudi

Jioni ile, tukila ndengu na ugali, mama mwenyewe aliuliza lori linaenda wapi baadaye. Nyaga alisema kweli, chuma chakavu. Mama hakukasirika. Alisema hapana, litabaki hapa. Jirani yetu Njeru hubeba mchanga kutoka mtoni, kila siku anapita pale chini kwa lori la kukodi. Achukue hili. Mambo ya malipo wataongea wao wawili. Sharti lake ni moja tu, apite kona ya kanisa na ashuke gia pale.

"Masikio yangu yanataka kazi," akasema.

Nilitaka kukataa. Lori ni langu, nalipenda, nimelipaka sabuni tangini kwa mikono hii. Lakini niliona uso wake, nikakubali. Yeye alilisubiri miaka mingi kuliko mimi nilivyoliendesha. Asubuhi nilimkabidhi Njeru ufunguo, nikamfundisha klachi, nikagusa lile paji, nikaingia kwenye gari la ndugu yangu.

Nitalisifu panapostahili. Tulipanda mpaka Meru bila mgongo kuniuma, na kwa sababu ya ule ukimya mimi na Nyaga tuliongea, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu mazishi. Aliniambia atakuwa anapiga honi kwenye kona ya kanisa, mbili fupi na moja ndefu. Thuci nilimwambia aijaribu. Yule mzee alikuwa shambani. Aliinua kichwa, akatafuta lori barabarani, hakuliona, akarudi kulima.

Mama hunipigia simu jioni. Haanzi na salamu. Anasema, "Limepita," kisha anaanza kumsengenya Njeru na gia zake.

Siku ile ya kurudi Nyaga alinishusha Nchiru jua likizama, akaondoka na njia yake. Miaka yote niliyokuwa na lori sikuwahi kugusa lango langu. Lori likianza tu kupanda kutoka barabarani, binti yangu Kendi alikuwa ameshalifungua, maji yako kwenye jiko, kwa maana mila ya mama nilikuja nayo kwangu. Siku hiyo nilisimama nje na mkoba wangu nikangoja. Nilikuwa nimezoea kungojwa, sikukumbuka mara moja kwamba hakuna aliyenisikia.

Nikagonga.

"Ni nani?" Kendi akauliza kutoka ndani. Tangu azaliwe hajawahi kuniuliza hivyo.